Siku Nilipoongeza Maneno Yangu

Nilikuwa darasa la tatu nilipoacha kusema mbele za watu. Wazazi wangu walikuwa wakulima upande wa Bukene, na walikuwa wamenipeleka Tabora mjini kukaa na shangazi, pale Kanyenye, ili nisome. Nyumbani tulisema Kinyamwezi. Kiswahili nilikielewa vizuri, ila ulimi wangu ulikuwa haujajua kutenganisha ra na la. Zilitoka kama zilivyopenda zenyewe. Asubuhi moja mwalimu aliniuliza kwa nini siandiki. Nikasimama nikajibu, "Mwalimu, sina karamu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema karamu tutakula sikukuu, leo tunataka kalamu. Wakacheka tena. Kuanzia hapo wenzangu wakinikuta njiani waliniuliza karamu ni lini, na mimi nilipita nimeinamisha kichwa. Nilianza kuchagua maneno yasiyo na herufi hizo mbili, na mtu akifanya hivyo kwa muda mrefu anajikuta hana la kusema. Nikiulizwa swali darasani nilijibu kwa sauti ndogo hata mwalimu akachoka kuniambia nirudie. Uhuru ulipokuja, watu wa mtaa wetu waliimba mpaka sauti zikawakauka. Mimi nilisimama kando ya shangazi, nikafungua mdomo na kuufunga kwa kufuata wimbo, na sauti haikutoka.

Sikuendelea baada ya darasa la nne. Nilimsaidia shangazi kuchoma vitumbua miaka kadhaa, kisha nikaolewa, nikarudi upande wa kwetu, kando ya reli ya Mwanza, kijiji cha mwendo wa nusu siku kutoka Bukene. Mume wangu alikuwa kwenye genge la wafanyakazi wa reli, wale wanaokaza mataruma na kufyeka majani kandokando ya njia, kwa hiyo alikuwa nyumbani siku chache tu kila mwezi. Nyumba ilibaki kwangu na kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Nilimwita mayu, yaani mama, kama ilivyo kwetu. Baba yake alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani. Alikwenda pwani na mizigo ya watu akarudi na Kiswahili. Lakini binti hakukitaka. Alisema Kiswahili ni lugha ya kumwambia mtu abebe, na yeye ameshabeba vya kutosha. Hivyo katika nyumba ile kulikuwa na wanawake wawili: mmoja hakijui Kiswahili wala hajali, mwingine anakijua na hakitamki.

Mwaka mmoja macho ya mayu yakaanza kumsumbua. Yalikuwa mekundu, yakitoa machozi tangu asubuhi. Tulipanda treni Bukene tukaenda hospitali ya Kitete, Tabora. Tulikaa kwenye benchi kwa muda mrefu, na muda wote ule nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia daktari, nikiyageuza, nikiondoa yenye hatari. Tulipoingia na daktari akauliza mama anasumbuliwa na nini, maneno yote niliyopanga yakatoweka. Akauliza tena. Muuguzi aliyekuwa pembeni akasema, "Mama, kuna watu wanasubiri."

Mayu akanigeukia. Akasema kwa Kinyamwezi, bila kupunguza sauti, "Macho ni yangu, aibu ni yako. Sasa mimi niwe kipofu kwa ajili ya aibu yako?"

Nikasema. Nilisema macho yanamwasha, kama yana mchanga, na usiku anapata shida kulala. Niliposema kulala nilisikia wazi kwamba nimesema kurara. Nikangoja kicheko. Daktari alikuwa anaandika. "Tangu lini?" akauliza, akiwa bado ameinama. Nikamuuliza mayu, nikajibu. "Aliwahi kutibiwa?" Nikamuuliza, nikajibu. Aliinua kichwa mara moja tu, na alimwangalia mgonjwa, hakuniangalia mimi. Tulitoka na dawa ya kupaka na maelezo ambayo nilikuwa nimeyatafsiri yote, neno kwa neno. Nje ya mlango nikajikuta nimeketi nimeegemea ukuta, kama mtu aliyevuka mto wenye maji mengi. Daktari alitaka kujua habari za macho. Matamshi yangu hayakuwa kazi yake.

Mayu alipona. Na kwa sababu alipona, akaniingiza kwenye jambo jingine.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa tumetawanyika, kila kaya na mashamba yake, nyingine huku, nyingine huko porini, na tulikuwa tumeambiwa tutakusanyika mahali pamoja. Aliyeletwa kutuandaa alikuwa kijana mmoja kutoka mkoa wa pwani. Watu walimwita Bwana Maendeleo. Alikuja na baiskeli, suruali zake zimebanwa kifundoni kwa kibanio cha nguo, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka na chepesi, kama mtu anayeshuka ngazi anazozijua. Wazee wetu walikisikia kwa mbali tu. Mwanzoni mwalimu wa shule ndiye aliyekuwa akimtafsiria, kisha mwalimu akahamishwa.

Kwenye mkutano uliofuata Bwana Maendeleo akauliza nani anaweza kuwa mkalimani. Wanaume walitazamana. Mwenyekiti wa kijiji alikijua Kiswahili, lakini alisema yeye ni mwenyekiti, hawezi kufanya kazi mbili. Hapo mayu akasimama katikati ya wanawake, akanyoosha mkono kuelekea kwangu.

"Huyu hapa," akasema. "Alinisemea Kitete na macho yangu yanaona."

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia siku ile. Lakini watu zaidi ya mia walikuwa wamegeuka kuniangalia, na kukataa nako kulihitaji kusema. Nikaenda mbele.

Mada ya kwanza ilikuwa vyoo. Kila kaya ichimbe choo, kirefu kuliko mtu, kiwe na kifuniko. Mbele yangu walikuwa wamekaa wakwe zangu wa kiume, wazee ambao hata chakula nilikuwa nawawekea na kuondoka bila kuwatazama usoni. Na mimi nilitakiwa niwaambie mtu anapojisaidia porini, uchafu wake unakwenda wapi. Nilitafuta pa kujificha, nikapata neno moja. Nikaanza kila sentensi na neno "anasema." Anasema mchimbe. Anasema msiende tena vichakani. Anasema nzi wanaokaa huko ndio wanaokuja kwenye ugali. Si mimi ninayesema, ni yeye. Watu walicheka kidogo, lakini walimcheka yeye. Kutoka nyuma bibi mmoja akaita, "Paza, mwanangu, huku hatusikii," nikapaza. Niliporudi kukaa, nilikuwa nimeyasema yote.

Nikaendelea kutafsiri mikutano yote ya msimu ule. Mbolea, mbegu, darasa la watu wazima, zamu za shamba la pamoja. Sauti yangu ikawa kubwa. Watu walinizoea, wakaanza kuniuliza njiani mkutano ujao ni lini. Mume wangu alirudi siku moja akanikuta mbele ya watu, akasimama nyuma na mfuko wake wa safari begani akanisikiliza mpaka mwisho. Tulipofika nyumbani akasema, "Kumbe una sauti."

"Ni yake," nikamwambia. "Mimi naazima tu."

Na ilikuwa kweli. Nilipokuwa na maneno ya mtu mwingine nilisimama wima. Nilipobaki na yangu nilirudi kuwa yuleyule. Katika siku zilezile nilikwenda Tabora kununua kanga. Nilikuwa nimeshaiona niitakayo, yenye pindo nyekundu, imetundikwa juu kabisa dukani kwa Mhindi mmoja wa Kanyenye. Mzee yule wa duka aliniamkia kwa upole, akashusha ile ya kahawia iliyokuwa karibu na mkono wake, akauliza, "Hii, mama?" Nikasema ndiyo. Hakunilazimisha, angenishushia hata kumi kama ningesema. Nilirudi nayo kwenye treni imekunjwa mapajani, nikijiuliza ni mtu gani anayeweza kuwaambia watu mia na zaidi wachimbe vyoo, asiweze kumwambia mtu mmoja kwamba anataka kanga nyekundu.

Halafu likaja suala la mahali pa kujenga.

Bwana Maendeleo alikuwa amechagua uwanda ulio kando ya barabara. Ukiuona wakati wa kiangazi ungemsifu kwa kuchagua: hauna miti ya kung'oa, umenyooka, nyumba zingeweza kupangwa mstari kama alivyochora kwenye karatasi yake. Ardhi ilikuwa ngumu, nyeusi, imepasukapasuka. Sisi tulijua kwamba ile ni mbuga. Udongo ule mweusi mvua ikinyesha haunywi maji; yanasimama juu yake kwa wiki nyingi. Lakini kila mtu alikuwa analisema jambo hili nyumbani kwake. Kwenye mikutano walilizunguka. Siku zile mtu akisema mahali hapa hapafai, angeweza kuonekana anapinga kuhama kabisa, na hakuna aliyetaka kuitwa mpinga maendeleo.

Siku ya kukubaliana ilipofika, Bwana Maendeleo alieleza mpango wake wote, nami nikautafsiri. Barabara itapita hapa, shule hapa, zahanati hapa. Akauliza kama kuna mwenye neno. Kisha mzee mmoja, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, akasimama akiegemea fimbo yake. Alisema kwa Kinyamwezi, taratibu, "Pale ni kwa vyura," akaketi.

Nikatafsiri. "Anasema pale ni kwa vyura."

Bwana Maendeleo akacheka. Si kwa dharau. Alidhani ni utani. "Mwambie vyura tutawahamisha nao waingie ujamaa," akasema. Nikatafsiri na hilo, na watu wakacheka kwa adabu, kicheko cha kumaliza mazungumzo. Akaanza kukunja karatasi yake.

Nilikuwa nimefanya kazi yangu sawasawa. Neno la mzee lilikuwa limefika kamili kwa yule kijana, lakini maana ilibaki njiani, na mtu pekee aliyeona kwamba imebaki njiani alikuwa mimi. Nilimtazama mwenyekiti; alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimtafuta mayu, nikidhani atasimama tena kunisukuma. Hakusimama. Alikuwa anamenya karanga kwenye upande wa kanga yake, ametulia.

"Ndugu Bwana Maendeleo," nikasema, "naomba kuongeza."

Akageuka. "Mzee anaongeza?"

"Hapana."

"Nani, basi?"

"Ni mimi. Haya ni yangu."

Neno langu la kujifichia halikuwepo tena; nisingeweza kusema "anasema." Nikamwambia mzee hakufanya utani. Nikamwambia mimi nilizaliwa kwenye nyumba iliyojengwa pembeni ya mbuga kama ile. Kila masika maji yaliingia kwa mlango wa mbele, tukalala juu ya kichanja kama kuku, na chakula ghalani kikaota ukungu. Baba alihamisha nyumba mara mbili kabla hajakubali kuiacha mbuga. Nilisema mtoto akikohoa humo haponi mpaka kiangazi. Nilisema choo alichotuambia tuchimbe kitafurika na kuja kututembelea ndani. Nilisema haraka, na katikati nilisikia "mrango" badala ya mlango, nikasikia "kurara" tena, na sikuwa na nafasi ya kurudi nyuma kurekebisha. Nikamaliza kwa kusema watu hawakatai kuhama. Wanakataa kuhamia majini.

Bwana Maendeleo akaikunjua tena karatasi yake. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitamwambia nini mume wangu atakaporudi na kukuta nimeitwa ofisini. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Niliwageuzia watu swali lile. Mzee wa fimbo akajibu bila kusimama, "Tumemwambia mara tatu. Kila mara tumemwambia vyura." Nikalitafsiri jibu, na safari hii nikaongeza maelezo yake bila kuomba ruhusa.

Bwana Maendeleo akachukua kofia yake akasema twende. Tulikwenda wengi, wanaume mbele, wanawake nyuma, mpaka kule uwandani. Mzee alimwonyesha miti ya miiba iliyosimama pembeni. Kwenye kila shina, juu kidogo ya goti, kulikuwa na mstari wa tope lililokauka, na chini yake gome lilikuwa na rangi nyingine. Bwana Maendeleo aliugusa mstari ule kwa kidole. Akasogea mpaka kwenye mti wa pili, akaugusa tena, akajipima goti lake. Chini kwenye nyasi kulikuwa na maganda ya konokono yametapakaa, meupe, mengi hata ungeweza kuyazoa kwa kiganja. Akaokota moja akaliweka mfukoni mwa shati.

Kilichofuata sikukitarajia. Aliketi juu ya kichuguu kidogo, akavua kofia, akaanza kucheka peke yake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kwa sababu ya kazi yangu, kwa hiyo aliniambia mimi.

"Kwetu ardhi ni mchanga," akasema. "Mvua inanyesha asubuhi, mchana unatembea bila viatu. Nimetembea hapa mara ngapi sijui, nikaona uwanja mzuri tu." Akafuta uso. "Ndugu yangu, unajua mimi kila mkutano naogopa? Nasema, wewe unasema, wao wanacheka. Sijui wanacheka nini. Narudi Bukene nakosa usingizi."

"Nitafsiri hilo?" nikauliza.

Akafikiri. "Tafsiri."

Nikawaambia. Wanawake ndio walioanza kucheka, mayu akiwa wa kwanza, na kicheko hicho hakikuwa cha adabu. Mwenyekiti akacheka. Hata mzee wa fimbo alionyesha meno yake machache. Mtu mmoja akaleta matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, tukatafuna tukiwa tumesimama pale mbugani. Nilihisi kifua kimefunguka kama mtu aliyetua kuni kichwani akagundua shingo bado inageuka. Miaka yote ile nilidhani mimi ndiye ninayeogopa na wengine wote wamekaa tu wananitazama. Kumbe hata mwenye karatasi na mpango alikuwa anakuja kwetu moyo unamdunda.

Nisidanganye, sikugeuka mtu mwingine. Niliendelea kuinama nikipita mbele ya wazee, na mpaka leo nikiwa na haraka ra na la hubadilishana viti. Lakini nilikuwa nimeona kwamba naweza kusema jambo langu, likatoka likiwa limepinda hapa na pale, na bado likafika.

Mahali papya palichaguliwa juu, kwenye mwinuko wenye udongo mwekundu, ambako kulikuwa na kazi kubwa ya kung'oa visiki. Hakuna aliyelalamika. Siku ya kugawa viwanja mume wangu alikuwa nyumbani. Bwana Maendeleo alikuja na kamba ya katani na vigingi, na vijana wawili wa kushika kamba. Tulipofikiwa sisi, alimuuliza mume wangu angependa nyumba iwe wapi.

Mume wangu akasema, "Muulize mwenyewe. Mimi nakaa relini."

Zamani ningesema popote. Niliangalia mstari mzima wa viwanja, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka, huku watu wakingoja. Kisha nikasema nataka pale mwanzo, upande wa mashariki, jiko lipate jua la asubuhi.

Mayu hakupenda. Alisema ni mbali na maji, na kwamba yeye ndiye atakayevunjika kiuno. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba nitachota mimi, na kwamba kisima kipya kitachimbwa upande huohuo. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimetafsiri.

"Umeanza kiburi," akasema.

"Ndiyo, mayu," nikamjibu. "Lakini nataka palepale."

Akanitazama kwa muda, macho yake makavu na safi, kisha akaokota kikapu chake akaanza kutembea kuelekea mahali niliponyooshea mkono, akinung'unika kuhusu kiuno. Vijana wakavuta kamba. Vigingi vinne vikapigwa. Walipokwenda kwa jirani, niliruka kamba nikaingia ndani ya mraba ule, nikaketi kwenye nyasi mahali ambapo jikoni pangekuwa, nikanyoosha miguu. Nilikaa hapo mpaka mume wangu akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, napumzika.